Mawe 43 yasiyojuana

Mwenye bustani ni mwalimu mstaafu, na simu yake haikuwa na salamu ndefu. "Fundi, mimi niliomba bustani ya mawe. Nimejengewa makaburi. Njoo uone."

Nilidhani anatia chumvi. Nilipofika nikakuta hajazidisha hata punje. Nyuma ya nyumba kuna mteremko wa urefu wa mita 9 hivi na upana wa mita 4, unaopanda kama mita moja na nusu kutoka njia ya miguu mpaka ukutani. Aliyenitangulia alikuwa ameumwagia udongo, akaushindilia ukawa kama sakafu, kisha akasimamisha mawe 43 juu yake kwa mistari, kila jiwe peke yake, hatua moja kutoka kwa jirani yake. Kila penye nafasi, mche mmoja. Nusu ya miche ilikuwa imeshakauka.

Nisiwe mnafiki: kazi yenyewe haikuwa ya kizembe. Mistari ilinyooka, mawe yalikuwa yamesuguliwa yakatakata, na hakuna hata moja lililotikisika nilipolikanyaga. Kisa kinastahili kuandikwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu alifanya kazi kwa bidii yote na bado akatoa makaburi.

Mwalimu akanionyesha picha aliyokuwa amempa yule fundi. Ni ukingo wa bonde lenye miamba ya matabaka, vipande bapa vimelaliana kama vitabu vilivyopangwa chali, vyote vimeinama kidogo upande mmoja, na mimea imening'inia kwenye kila kidaraja. Picha nzuri sana. Nikaitazama, nikayatazama mawe yaliyo mbele yangu, nikaelewa tatizo lilipoanzia. Mawe yale 43 yote yalikuwa majabali ya graniti, ya mviringo, makubwa kwa madogo. Ukipanga mipira haitakuwa rafu ya vitabu, hata uipange mwaka mzima.

Hapa inabidi nieleze jambo kidogo, maana wengi hulipita haraka. Mwamba wa matabaka umejengwa kwa kulala. Mchanga, tope au maganda ya viumbe wa majini yalitua chini ya maji, safu juu ya safu, yakagandamizwa yakawa jiwe. Ndiyo maana mistari yake inaendelea kutoka kipande kimoja hadi kingine, na ardhi ikiinama, vyote huinama pamoja kwa pembe moja. Anayejenga bustani kwa mawe ya aina hiyo ana kanuni moja kubwa: mistari ya mawe yote ielekee kule kule. Jiwe moja likigeuzwa mgongo, jicho hulikamata papo hapo, hata la mtu asiyejua chochote kuhusu miamba.

Graniti haikulala popote. Ilikuwa mwamba ulioyeyuka, ukapoa polepole kilomita kadhaa chini ya ardhi, ukawa bonge moja lisilo na tabaka. Ukitaka kuiga matabaka kwa graniti unalazimisha jiwe liseme uongo, na jiwe halijui kudanganya.

Niliomba ndoo ya maji nikayalowesha mawe matatu. Jiwe likilowa huonyesha tabia yake: chembe za madini ya kwatzi zinazong'aa kama kioo, madini ya feldspa nyeupe na ya waridi, vidoa vyeusi katikati. Mistari hakuna. Ila nikaona kitu kingine ambacho sikukitarajia. Kwenye jiwe la pili, karibu na ardhi, kulikuwa na mpaka ulio wazi kama alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba iliyofurika. Juu ya mpaka huo jiwe lilikuwa safi, la manjano hafifu. Chini ya mpaka lilikuwa la kijivu kilichokomaa, na kwenye vishimo ambako brashi haikufika yamebaki mabaka ya rangi ya chungwa ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja juu ya jiwe.

Kuvumwani hauoti bila mwanga. Kwa hiyo upande ule wa kijivu ndio uliokuwa juu, unapigwa na jua miaka na miaka, na upande msafi ndio uliokuwa umezikwa. Jiwe lilikuwa limesimamishwa kichwa chini. Nikamwita Mwalimu, tukaanza kuhesabu pamoja, yeye akiandika. Kati ya mawe 43, 19 yalikuwa miguu juu. Akafunga daftari akasema, "Kumbe hata makaburi yenyewe yamezikwa kinyumenyume."

Uamuzi wa kwanza, basi, haukuhusu mimea wala udongo. Ulihusu picha. Ama tubaki na picha ya bonde na tutafute mawe mengine ya matabaka, ama tubaki na mawe yetu na tutafute picha nyingine. Mwalimu alikuwa ameshalipia mawe na hakuwa tayari kulipia tena, nami sikuona sababu. Graniti ina umbo lake la asili, tena zuri kuliko yote kwa maoni yangu: kile kilima kidogo cha majabali yaliyobebana, kama vile vinavyochomoza katikati ya nyasi za Serengeti, au yale mawe yaliyosimama kimiujiza huko Matobo, Zimbabwe, au vichuguu vya mawe vya Dartmoor kule Uingereza. Ukienda Karlu Karlu, Australia, utayakuta ya namna hiyo hiyo. Mabara tofauti, umbo moja. Ni mchakato mmoja uliorudiwa.

Nilitumia asubuhi nzima kwenye kilima cha namna hiyo, nikiwa na kamba, kipimo cha mkono na daftari. Nashauri kila anayetaka kujenga bustani ya mawe afanye hivyo kabla hajainua sururu, na asipige picha mpaka amalize kukaa. Kamera humfanya mtu aondoke mapema.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni nyufa. Ukisimama mbali unaona rundo la mawe. Ukisogea na kufumba jicho moja, unaona mianya iliyo kati ya mawe imenyooka: ufa unaotenganisha jiwe la kwanza na la pili unaendelea kwa la tatu na la nne, kisha unapotelea ardhini. Kuna nyufa za upande mmoja na nyufa nyingine zinazozikata, na za tatu zinazolala karibu sambamba na ardhi. Sababu ni kwamba yale hayakuwa mawe mengi. Lilikuwa bonge moja. Mzigo wa ardhi iliyokuwa juu yake ulipomomonyoka na kuondoka, mwamba ulipumua, ukapasuka kwa mistari. Maji yakaingia kwenye nyufa na kuanza kuozesha feldspa kuwa udongo wa mfinyanzi. Kona ya bonge hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo kona huisha kwanza, na kinachobaki ni kiini cha mviringo. Mvua na upepo vikishaondoa ule udongo uliooza, viini hubaki vimekaa pale pale vilipokuwa, kimoja juu ya kingine.

Nikisema mawe ya bustani ile hayakuwa yakijuana, hicho ndicho ninachomaanisha. Majirani kwenye kilima wametoka tumbo moja. Tumbo la huyu lililobonyea linaelekeana na mgongo wa yule. Kwenye mteremko wa Mwalimu, kila jiwe lilikuwa mgeni aliyeshushwa na lori.

Kitu cha pili ni ukubwa. Nilihesabu kwenye kundi moja: majabali makubwa mawili, ya kati matano, kisha vipande vidogo visivyohesabika chini. Vidogo havikuwa vimetapakaa ovyo. Vilikusanyika miguuni, upande wa chini wa mteremko, kwa sababu ndiko vilikoangukia. Na kati ya kundi na kundi, nyasi tupu. Bustani nyingi za mawe hukosa huo utupu. Mtu akishalipia jiwe anataka lionekane, hivyo kila jiwe hulitengea nafasi yake, na matokeo yake hakuna jiwe linaloonekana.

Kitu cha tatu ni mimea. Karibu yote ilikuwa kwenye nyufa au kwenye mstari wa chini kabisa, pale jiwe linapogusa ardhi. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Jabali lenye mgongo wa mita mbili za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 40 miguuni pake, halafu linaufunika udongo huo usikaushwe na jua. Mmea ulio hapo unakunywa mvua yake na ya jiwe. Yule fundi aliipanda miche katikati ya nafasi, mbali kabisa na jiwe, kwenye udongo ulioshindiliwa. Ilikufa kwa kiu huku maji yakipita pembeni yake.

Niliporudi na michoro, Mwalimu aliielewa haraka kuliko nilivyotegemea, kisha akatoa wazo lililonitia shaka: kwa nini tusichukue mawe machache kule kilimani, yale yenye mabaka mazuri, tukayachanganya na yetu? Nilikataa, na nilimweleza kwa nini. Kaskazini mwa Uingereza kuna sakafu za asili za mawe ya chokaa, zilizokwanguliwa na barafu nzito ya zama za barafu kisha zikachongwa na maji ya mvua kuwa mabamba yenye mifereji ya kina, ambamo huota mimea inayopenda kivuli. Watu wa bustani walizipenda mno. Mabamba yaling'olewa kwa miaka mingi na kuuzwa ili kupamba nyua, hadi sheria ya mwaka 1981 ilipoweka njia ya kuzilinda sehemu hizo kwa amri maalumu. Kilichong'olewa hakirudi. Hata kuvumwani wenyewe, spishi nyingi za juu ya miamba hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Ukisugua jiwe dakika moja umefuta umri wa mtu. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akauliza yale mabaka ya mawe yake yaliyosuguliwa yatarudi lini. Nikamwambia tusiyahesabie.

Tuliyang'oa mawe yote. Hiyo ilituchukua siku mbili na vijana wangu wawili. Kabla ya kuanza nilimfanya kila mmoja akadirie uzito wa jiwe la kwanza, na wote wakasema kilo 200. Tukapima: urefu sentimita 90, upana 70, kimo 60. Lingekuwa sanduku lingekuwa mita ya ujazo 0.38, kwa kuwa ni la mviringo, chukua nusu, 0.19. Graniti ina kilo 2,650 hivi kwa mita ya ujazo. Jiwe lile lilikuwa nusu tani. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kukumbushwa kwamba kwenye mteremko husimami upande wa chini wa jiwe linalosogezwa. Tulitumia mitaimbo, mbao na vipande vya bomba kama magurudumu, na tulikwenda polepole.

Mchoro ulikuwa hivi. Makundi mawili tu, moja kubwa karibu na kona ya juu kushoto, jingine dogo chini yake kulia, kana kwamba ni vichwa viwili vya bonge moja lililofichwa na udongo. Nilivuta kamba ardhini kuonyesha mielekeo miwili ya nyufa, na kamba hizo zilipita kwenye makundi yote mawili bila kubadili mwelekeo. Kila jiwe lilichaguliwa kwa kulitazama tumbo na mgongo wake, limtafute jirani anayelingana naye. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Jiwe la tisa nililigeuza mara sita, na kijana mmoja aliacha kuficha kuchoka kwake.

Mawe makubwa tuliyazika zaidi ya nusu. Mwalimu aliumia. "Fundi, jiwe nimelipia lote, wewe unanionyesha nusu?" Nilimwomba asimame kwenye njia ya miguu na kutazama jiwe moja kabla na baada. Lililokaa juu ya ardhi lilionekana la ukubwa wake. Lililozikwa lilionekana ni ncha ya kitu kikubwa kisicho na mwisho. Hakusema kitu, lakini hakulalamika tena.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu lipo.

Nilizipenda sana zile nyufa zangu zilizonyooka. Ule ufa mkuu wa kundi la juu niliuelekeza moja kwa moja kushuka mteremko, kwa sababu ukisimama njiani unauona wote, na unapendeza. Nikajaza udongo mchanganyiko wa mchanga na changarawe, nikapanda, nikaondoka nikijipongeza. Mvua kubwa ya kwanza iliugeuza ule ufa kuwa mtaro. Maji yote ya migongo ya majabali manne yaliingia humo, yakazoa udongo na miche, yakaviacha kwenye njia ya miguu. Jiwe la kati lilizama sentimita 8 upande mmoja, na kundi zima likaonekana limelewa.

Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba sikuwa wa kwanza. Katika karne ya 19 Lady Broughton alijenga kwenye uwanja wake wa Hoole House, Uingereza, mfano mdogo wa milima ya Savoy na bonde la Chamonix, kwenye milima ya Alps, hadi kuweka mawe meupe vileleni yawe theluji. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 1838 yanasema kazi hiyo ilimchukua miaka kati ya 6 na 8, kwa sababu mvua ilikuwa ikizoa udongo na baridi kali ikiyafumua mawe, na kuta zikaanguka zaidi ya mara moja. Hata Kew, ile bustani kubwa ya mimea ya London, ambako bustani ya mawe ilijengwa mwaka 1882 kwa kuiga bonde la milima ya Pyrenees, walianza na mawe ya chokaa, kisha wakaja kuyabadilisha polepole kwa mawe ya mchanga yanayoshika unyevu vizuri zaidi kwa ajili ya mimea. Milima hailazimiki kuwa na subira na anayeiiga.

Nilirudi kilimani. Safari hii sikutazama mistari ya nyufa, nilitazama ndani yake. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono. Ndani ya kila ufa unaoshuka mteremko kuna vijiwe vilivyokwama: kimoja kimebanwa kwa juu, nyuma yake kuna majani makavu na kiganja cha udongo mweusi, na kwenye udongo huo ndipo mmea uliposhika. Hatua moja chini, kingine. Ufa unaonekana ni mmoja lakini ni ngazi. Na chini ya udongo wenyewe hakuna udongo zaidi, kuna mwamba. Mimi nilikuwa nimeweka udongo juu ya udongo, bila kizuizi, nikautegemea ubaki.

Marekebisho yalichukua siku moja na nusu. Tuliinua jiwe lililozama, tukachimba chini yake na kujaza kokoto na vipande vya mawe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikishindiliwa kabla ya nyingine. Ndani ya ufa tulibana vijiwe kwa nyundo kila baada ya sentimita 30 hivi, tukitengeneza vidaraja. Nyuma ya kila kijiwe changarawe chini, udongo juu, kiganja kimoja tu. Na pale ufa unapotokea chini tulimwaga changarawe kwa umbo la feni, kama ile inayokutwa miguuni mwa kilima chochote cha graniti, ili maji yakitoka yapoteze nguvu kabla ya kufika njiani. Feni hiyo haikuwa kwenye mchoro. Leo ndiyo sehemu ambayo wageni huiulizia kwanza.

Mimea sitaisemea sana, kwa sababu ukishapata mawe sawasawa, yenyewe huelekeza. Kangaga upande wa kivuli ndani ya nyufa, mimea ya majani manene kwenye vidaraja vinavyopigwa na jua, nyasi ndefu kidogo kwenye mstari wa chini. Aina tano kwa jumla, badala ya 22 zilizokuwapo. Mwalimu aliomba za rangi zaidi. Tulikubaliana asubiri mwaka.

Katika mawe 43 tulitumia 36. Saba hayakupata ndugu, na tulibishana kuyahusu kwa muda. Mwalimu alitaka yarudishwe juu. Mimi nilitaka yaondolewe. Mwishowe kijana aliyekuwa amechoka na jiwe la tisa aliyaviringisha matatu kutoka juu, akayaacha yasimame yatakaposimama, kwenye nyasi chini ya kundi dogo. Hayo matatu ndiyo yaliyokaa kiasili kuliko yote niliyoyapanga kwa kamba. Manne yaliyobaki yako nyuma ya ghala, na Mwalimu huyakalia anapofunga viatu vya bustani.

Nilipita tena baada ya msimu mmoja wa mvua. Udongo haujasogea. Kwenye ufa wa kundi la juu, juu ya kijiwe cha tatu kutoka chini, kimeota kikangaga ambacho hakuna aliyekipanda. Jiwe la tisa bado linanikera. Nadhani lingegeuzwa robo duara kwenda kushoto. Mwalimu amekataa katakata lisiguswe, kwa sababu mjusi amehamia chini yake.